AKIKULETEA GTO YA 1964, MRUDISHIE GTO YA 1964

  

Wiki hii tunavuka bahari hadi Marekani, kwa watu wanaozimia magari kama sisi tunavyozimia mpira. Si unaikumbuka ile Dodge Charger nyeusi ya 1970 kwenye filamu ya The Fast and the Furious ya 2001? Ile ambayo jamaa aliitengeneza pamoja na baba yake, halafu anaogopa hata kuiendesha? Magari ya ukoo huo wenyewe wanayaita magari ya misuli. Bodi ya saizi ya kati, milango miwili, injini kubwa ya silinda nane, na bei ambayo miaka ile kijana mwenye kazi aliweza kuikopea.

Lakini leo sizungumzii mbio, nazungumzia urafiki. Maana kuna kazi moja ya gereji inayoweza kuua ushikaji haraka kuliko deni la baa. Ni pale rafiki yako wa damu anapokuletea gari la namna hii, limelala bandani miaka ishirini, panya wameshazaa kwenye viti, halafu anakuambia: "Kaka, nirudishie kama lilivyotoka kiwandani."

Kauli yenyewe fupi. Kasheshe lake refu.

LIJUE GARI KWANZA

Tuchukue Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyowafungulia njia wenzake. Wakubwa wa General Motors walikuwa wameweka amri kwamba magari ya saizi ya kati yasifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Jamaa wa Pontiac, akiwamo mhandisi mkuu John DeLorean, wakacheza na maandishi. Badala ya kuomba kibali cha gari jipya, walichukua Tempest LeMans iliyokuwa tayari sokoni, wakaiandika GTO kama nyongeza ya hiari. Mteja anaongeza kama dola 300 hivi, anafungiwa injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4. Yenye kabureta moja ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 325, na yenye kabureta tatu 348.

Walitegemea kuuza kama magari 5,000. Mwaka ule wa kwanza yakaenda 32,450. Unadhani wakubwa walisema nini? Wakanyamaza kimya, hela imeshaingia.

Sasa ujanja ule wa 1964 ndio unaomtoa jasho fundi wa leo. Kwa kuwa GTO ya 1964 na ya 1965 ilikuwa ni nyongeza tu, namba ya utambulisho iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva haikuambii kama hii ni GTO au ni LeMans ya kawaida. Mpaka 1966 ndipo GTO ikawa modeli inayojitegemea, na namba yake ikaanza na 242. Hivyo tapeli yeyote mwenye spana na nembo za dukani anaweza kuchukua LeMans ya watu wa kawaida, akaifunga injini ya 389, akamuuzia mtu kama GTO. Mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe limepigwa rangi nzuri.

Dawa ipo. Kule Marekani kuna watu wanaitwa Pontiac Historic Services, wanaotunza nakala za kumbukumbu za kiwanda. Unawapelekea namba ya gari, unalipa, unapewa nakala ya karatasi inayoonyesha gari lako lilitoka na injini gani, gia boksi gani na nyongeza gani. Pontiac yenyewe ilishafungwa, uzalishaji uliisha 2009 na jina likazikwa 2010, lakini makaratasi bado yanasema.

Na hapo ndipo mtihani wa kwanza wa ushikaji unapoanza. Karatasi ikirudi inasema LeMans, utamwambia mwenzio? Yeye tayari ameshawatangazia shemeji na majirani kwamba ana GTO. Mimi nasema mwambie, tena siku hiyohiyo, kabla hujalegeza hata nati moja. Ukinyamaza ukaendelea kula hela yake, siku atakapojua hatamkumbuka aliyemuuzia. Atakukumbuka wewe, fundi, rafiki, uliyejua.

KITU KISICHOTENGENEZEKA

Bati lililooza unakata, unachomelea jipya. Viti unashona upya. Spea za GTO nyingi zinatengenezwa hadi leo, na zile za kiwandani zilizobaki kwenye maboksi yake bado zinapatikana kwa mwenye mshiko. Lakini kipo kitu ambacho pesa yote ya mjini haikirudishi, nacho ni injini aliyozaliwa nayo.

Magari haya yaliendeshwa na vijana. Yalipigwa mbio za usiku barabarani, injini zikapasuka, zikatolewa, zikafungwa nyingine yoyote iliyopatikana. Kama ile ya kwanza ilishauzwa chuma chakavu, basi imekwenda. Unachoweza kumpatia mwenzio ni injini ya aina ileile na ya mwaka uleule, yenye tarehe ya kuyeyushwa chuma iliyo karibu na siku gari lilipoundwa. Hiyo ni mbadala halali, haina aibu, mradi iitwe mbadala.

Tatizo linakuja wapo wanaofuta namba ya injini na kugonga nyingine ili karatasi na chuma visome kitu kimoja. Gari lenye injini yake ya asili bei yake hupanda, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Rafiki yako anaweza hata kukubembeleza: "Ah, wewe gonga tu, nani atajua?" Msomaji, usigonge. Ukifanya bila yeye kujua, umemfanya tapeli wa kesho bila idhini yake. Ukifanya naye anajua, sasa mko wawili. Na ukivuka pale ukachezea namba ya utambulisho wa gari lenyewe, hapo umeingia kwenye jinai ya sheria ya shirikisho la Marekani. Hiyo si gereji tena, ni mahakama.

SUMAKU HAINA UNAFIKI

Haya, tufungue gari. Wanaojua kazi hawaanzi na spana, wanaanza na kamera. Kila waya, kila bomba la breki, kila bolti inapigwa picha mahali pake. Kisha kila kinachofunguliwa kinaingia kwenye mfuko wake na kuandikwa jina. Wewe leo unajiona una kichwa cha kukumbuka. Subiri mwaka mmoja na nusu upite, uko na ndoo ya bolti 400 zinazofanana, ndio utajua hujui.

Halafu chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze, uipitishe kwenye bodi. Penye bati inanasa. Penye puti nene inaanguka. Yule muuzaji aliyeapa kuwa bodi haijaguswa, sumaku itamsuta mchana kweupe. Angalia hasa madigadi ya nyuma, sakafu, ndani ya buti na chini ya kioo cha nyuma, maana maji hupenda kukaa huko. Nchi za baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inatafuna bati kama mchwa na kitabu.

Bahati nzuri GTO ina chesisi yake peke yake, bodi imekaa juu. Inaweza kunyanyuliwa ikawekwa pembeni, chesisi ikasafishwa hadi chuma kitupu. Kazi safi, lakini hesabu muda. Gari zima likifanyiwa kazi ya kweli, saa elfu moja za fundi si ajabu kupita. Mwenye kazi nyingine anayeshika gari la rafiki jioni na Jumamosi, hiyo ni miaka.

ASILI SI SAWA NA KUNG'ARA

Hapa wengi wanachemsha. Wanadhani kurudisha gari kwenye hali ya asili ni kulifanya bomba kuliko vyote. Wapi! Kiwanda kilikuwa kinakimbizana na idadi. Miaka ile General Motors walitumia rangi ya laka, na gari lilitoka na mikwaruzo ya unga sehemu zisizoonekana, na nafasi za milango zisizolingana. Ukipiga rangi ya kisasa inayong'aa kama kioo, ukanyoosha kila pengo kwa milimita, umepata gari zuri sana ambalo kiwanda hakikulitengeneza hata siku moja.

Na mengine ya asili yanatisha. GTO ya 1964 ilikuja na breki za dramu magurudumu yote manne. Nguvu ya farasi 348 mbele, dramu ndogo za kuisimamisha, hebu piga picha. Tairi zake, zile zenye mstari mwekundu ubavuni, zilikuwa za muundo wa kale unaofuata kila ufa wa barabara. Nakala zake zinatengenezwa hadi leo, ukizifunga gari linarudi 1964 kwa sura na kwa tabia zote mbili.

Tena kuna petroli. Injini ile ilizoea mafuta yenye risasi, na Marekani ilipiga marufuku mafuta hayo kwa magari ya barabarani kuanzia 1996. Fundi mwenye akili anapofumua injini anaweka viti vigumu vya valvu ndani ya kichwa cha silinda. Havionekani kwa nje, gari linaishi.

Kwa hiyo fundi na mwenye gari wanatakiwa wakae chini waulizane: asili ya kuonyeshwa, au asili ya kuendeshwa? Kama mwenzio ana watoto na anataka kuwabeba Jumapili, mshauri breki. Akikubali za diski, zile dramu za zamani zifunge vizuri kwenye boksi, ziandike, zirudi kwake pamoja na gari. Siku akitaka asili yake, ipo. Kinachotolewa ni mali yake, si chuma chakavu chako wewe.

HELA ISIZUNGUMZWE KWA MACHO

Watu wa karibu wana ugonjwa mmoja, wanaoneana haya kutaja bei. "Tutaelewana tu, mshikaji." Hiyo "tutaelewana" ndiyo inayokuja kuzaa kutosalimiana. Huyu anadhani anafanyiwa kwa mapenzi. Yule anahesabu saa kimoyomoyo. Mwisho wa siku mmoja anasema kaibiwa, mwingine anasema katumiwa, na gari liko nusu, halina milango.

Andikeni. Spea anunue mwenye gari mwenyewe, risiti zikae kwake. Kazi igawanywe vipande, bodi, chesisi, injini, ndani, na kila kipande kilipwe kikiisha. Mbovu mpya ikionekana, kazi isimame, simu ipigwe, ndipo muendelee. Na mwambie ukweli huu mchungu mapema: mara nyingi gari la namna hii humeza hela kuliko bei litakayouzwa. Kama anatafuta faida, akanunue kiwanja.

Asilimia kubwa ya wanaosisitiza asili hawatafuti faida hata hivyo. Gari lilikuwa la mzee, au ni lile alilolitamani akiwa darasani, hana senti. Kwa mtu kama huyo, pale usukani ulipolika kwa mikono ya baba yake panaweza kuwa na thamani kuliko usukani mpya wa dukani. Fundi asiyejua atauvua, atautupa, na atadai apongezwe. Fundi rafiki anauliza kwanza: "Hii tuibadili, au tuiache?"

Tangu 1995, mwezi wa Agosti magari haya hukusanyika kwenye barabara ya Woodward, inayotoka Detroit kwenda mji wa Pontiac, Michigan, kulekule GTO ilikounganishwa na ambako vijana wa miaka ya 60 walishindana taa zikiwaka kijani. Watu hukaa pembeni na viti vyao, wanatazama tu. Ukiona GTO ya 1964 imepita, mmoja kashika usukani na mwingine yuko kiti cha pembeni, wote wazee, wanabishana kuhusu mlio wa injini, ujue hapo ukweli ulisemwa mapema na risiti zilitunzwa.

Kwa leo naishia hapa, msomaji wangu. Wiki ijayo tunarudi mtaani: kwa nini ukimwazima mshikaji shati la mtoko, linarudi likiwa na stori kuliko wewe mwenyewe? Usikose nakala yako. Tuwasiliane, na ukipita gereji kwa rafiki yako leo, mlipe.