Thamani ya Kipande cha Karatasi

Je, umepata kusikia kwamba mwezi wa Agosti mwaka 2022, huko Marekani, kipande kimoja cha karatasi ngumu kiliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6? Kilikuwa kadi ya mwaka 1952 yenye picha ya Mickey Mantle, mchezaji hodari wa besiboli. Kampuni ya Topps iliuza kadi za namna hiyo pamoja na ubani wa kutafuna, ili kuwavuta watoto watoe senti zao. Wako watu wanaoichukua habari hii na kuwaambia vijana: wekeni kadi, nazo zitawatajirisha. Shauri hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Uliza kwanza kwa nini kadi ile ilipanda bei. Haikupandishwa na watu walioweka. Ilipandishwa na watu waliotupa. Fungu la mwisho la kadi za 1952 lilichelewa kutoka, msimu wa mchezo ukawa unakwisha, na masanduku yakabaki ghalani. Mwaka 1960 Sy Berger wa kampuni hiyo aliyapakia katika tishari, yakamwagwa katika bahari ya Atlantiki. Kadi zilizokuwa mikononi mwa watoto zilikunjwa, zilichafuliwa, nyingine zilibanwa katika magurudumu ya baiskeli ili zilie, na akina mama wakazifagia pamoja na takataka. Zilizosalia safi zikawa adimu kama maziwa ya kuku.

Wamarekani walipotambua hayo, walifanya nini? Walianza kuweka! Tangu miaka ya 1980 hata mwanzo wa miaka ya 1990 watu wazima walinunua masanduku mazima, wasiyafungue, wakidhani wamewawekea watoto wao akiba. Na viwanda, vilipoiona tamaa hiyo, vilipiga chapa bila kiasi. Kila mtu aliweka, hakuna aliyetupa. Nyingi za kadi hizo leo hazirudishi hata fedha zilizotolewa kuzinunua.

Tena tazama jinsi bei yenyewe ilivyo nyepesi. Januari 2021 kadi nyingine ya Mantle ya mwaka ule ule wa 1952, iliyopewa alama 9 katika 10 kwa uzima wake, iliuzwa kwa dola milioni 5.2. Ile ya Agosti 2022 ilikuwa na alama 9.5. Nusu alama! Mimi husahihisha madaftari kila juma, nami nakiri kuwa nusu alama mara nyingine hutegemea kama mwalimu amekunywa chai.

Wala bei iliyoandikwa katika orodha si fedha. Mwenye duka hatakulipa bei hiyo, kwa kuwa naye ataka faida. Na mnada hukata fungu lake. Basi anayekushauri uweke akiba yako katika kadi, mwambie azinunue zako kwa bei ya orodha, leo, fedha mkononi. Kisha mtazame usoni.