Mche Huzoea, Lakini Nusu Tu

Wiki chache kabla ya mvua, mtunza kitalu huanza kupunguza makuti juu ya miche. Maji nayo huyapunguza, na mizizi iliyochungulia chini ya viriba huikata. Majani mapya hutoka madogo na manene, na mche hupelekwa shambani ukiwa umekomaa. Utaratibu huo ni wa miaka mingi, ila jua la huko shambani silo lile la zamani.

Jaribio la Rwanda TREE limeonyesha mche unaweza kujirekebisha hadi wapi. Aina 20 za miti zilipandwa Sigira, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kisha Rubona, na Makera yenye mita 1,300 hivi. Kutoka juu hadi chini joto huongezeka kwa nyuzi 5 hivi. Watafiti wa Rwanda na Sweden walikuta kwamba upumuaji wa majani hujirekebisha vizuri ajabu: mche wa Makera hauchomi sukari nyingi kuliko ndugu yake wa Sigira. Usanisinuru, yaani kazi ya jani kujitengenezea chakula, hujirekebisha kwa shida. Miti ya mlimani ikafa zaidi kwenye joto. Ile ya nyanda za chini ikanenepa.

Chanzo kimojawapo cha tofauti hiyo ni jani lenyewe. Mkukusu, ambao mmoja wake Kilimanjaro ulipimwa ukawa na urefu wa mita 81.5, ndio mti wa asili mrefu kuliko yote Afrika. Katika bustani ya miti ya Ruhande, kusini mwa Rwanda, majani yake hupata joto zaidi kuliko hewa kwa sababu hutoa mvuke kidogo. Mikaratusi, wageni hao, huvumilia zaidi. Inaudhi, lakini ndivyo vipimo vinavyosema.

Kwa hiyo jarida hili lina shaka na kampeni za kupanda miti zinazotazama idadi tu. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitoa siku ya mapumziko ili wananchi wapande. Nia ni njema. Lakini aina gani, mbegu za mwinuko upi, zipandwe wapi? Tungepanga sisi, mikukusu ingengoja miti inayokua haraka itandaze kivuli kwanza, na miche ingehesabiwa baada ya kiangazi cha kwanza, wapiga picha wakiwa wameshaondoka.