Kurahisisha sehemu: mada ndogo inayoupima mtaala mpya katika milima ya Usambara

Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024 kwa elimu ya awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu, umeweka tarehe ambayo wazazi wengi bado hawajaitilia maanani. Wanafunzi walioanza Darasa la Tatu mwaka huo watahitimu elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa Darasa la Sita, sambamba na wenzao wa Darasa la Saba wanaomaliza kwa utaratibu wa zamani. Kwa somo la Hisabati, mada zinazohitaji mazoezi ya muda mrefu hazitakuwa tena na mwaka wa saba wa kufidia. Kurahisisha sehemu ni miongoni mwa mada hizo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kiasi na asili hugawanywa kwa namba ileile hadi pasibaki kigawo cha shirika isipokuwa 1. Sehemu 18/24, ikigawanywa juu na chini kwa Kigawo Kikubwa cha Shirika ambacho ni 6, huwa 3/4. Ugumu huanzia kwa mwanafunzi aliyezoea kugawanya kwa 2 tu: hupata 9/12, huona 9 haigawanyiki kwa 2, hivyo huweka kalamu chini akidhani amemaliza. Mwingine hukata tarakimu zinazofanana. Kwa njia hiyo 16/64 hugeuka 1/4, jibu ambalo kwa bahati ni sahihi, na mwalimu anayesahihisha jibu pekee humpa alama zote. Kesho yake mtoto huyo atakata 3 katika 13/34 na kupata tena 1/4, ilhali 13/34 hairahisishiki kabisa.

Pengine lugha nayo ina mchango wake. Mtoto anayeambiwa “punguza sehemu hii” ana haki ya kuamini kwamba kilichobaki ni kidogo kuliko cha awali. Hapo ndipo mazingira ya Lushoto yanapokuwa na msaada ambao hauhitaji bajeti. Katika masoko ya Soni, Lukozi na Mlalo, mtoto anayemsaidia mzazi kuuza karoti au maharage anajua kuwa gramu 250 ni robo kilo, na kwamba gramu 750 ni robo tatu. Hakuna mteja anayedai amepunjwa kwa sababu muuzaji ametamka “robo tatu” badala ya kutaja gramu 750 kati ya 1,000. Kilichobadilika ni namba. Mzigo ni uleule.

Mashamba ya miteremko nayo yanafaa. Shamba lenye matuta 24, ambamo 18 yamepandwa karoti, likigawanywa katika mafungu ya matuta sita sita hutoa mafungu manne, na matatu kati ya hayo ni ya karoti. Mwanafunzi aliyechora shamba hilo kwenye daftari ameona kwa macho kazi ya Kigawo Kikubwa cha Shirika kabla ya kukariri jina lake. Maharage au vijiti vitatosha pale ambapo picha haitoshi.

Nyenzo za kumsaidia mwalimu zipo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanawapa walimu wa shule moja nafasi ya kukaa pamoja na kujadili mada zinazowatatiza, na Tanga ni miongoni mwa mikoa tisa ya Programu ya Shule Bora. Vikao hivyo vitakuwa na tija zaidi vikichambua makosa yaliyomo kwenye madaftari, kwani kanuni iko vitabuni tayari. Mazoezi ya dakika kumi kila siku, yanayomtaka mwanafunzi aeleze kwa nini 9/12 bado inarahisishika, yanazidi faida ya wiki nzima ya maswali mia ambayo mada ikishapita hayarudiwi.

Wanafunzi wengi wa Lushoto huanza kuhesabu kwa Kisambaa nyumbani, kisha hujifunza Hisabati kwa Kiswahili shuleni. Wahitimu wa mwaka 2027 wanatarajiwa kuingia Kidato cha Kwanza mwaka 2028, ambako watazikuta sehemu hizohizo kwa Kiingereza, safari hii zikiwa zimechanganyika na herufi za aljebra.