MAKARATASI YA WAZEE SI YA KUFUNGIA KARANGA





Siku chache zimepita, mmoja wetu alinunua karanga kwa mama karibu na mlango wa shule. Alipomaliza kula akatazama karatasi. Kumbe ni ukurasa wa kitabu cha wabatizwa wa mwaka 1934: wino wa bluu, mwandiko mzuri kupita wetu, jina la mtu, jina la baba, kijiji, jina jipya la ubatizo. Tukarudi mbio. Mama alikuwa amebaki na kurasa sita tu, akatuachia bure. Yeye hana kosa, alinunua makaratasi kwa kilo sawa watu wote. Kosa ni la wale waliofungua sanduku la kanisa moja, hatulitaji, wakaona ndani uchafu tu.

Jambo hili lilileta mabishano makali katika internat. Wengine walisema: iacheni, makaratasi ya zamani ni uongo wa wazungu. Wengine: kama iko ndani ya kitabu, basi ni kweli. Sisi tunakataa yote mawili, na tunawaonyesha sababu karibu hapa hapa.

Nendeni kwa mawazo mpaka Basoko, fasi mto Aruwimi unaingia ndani ya mto wetu mkubwa. Tarehe 1 Februari 1877 Stanley alipita pale na watu wake. Katika kitabu chake cha 1878 aliandika kwamba mitumbwi 54 ilimjia kwa vita, na ule mkubwa wa mbele ulikuwa na wapiga kasia 80. Akapiga bunduki. Dunia nzima ilimwamini. Lakini mkuu mmoja aliyekuwa siku ile, Mojimba, alimsimulia padri Joseph Fraessle habari nyingine kabisa. Walisikia kwamba mtu wa ngozi nyeupe anashuka na mto. Wakafikiri ni ndugu yao aliyezama zamani, sasa anarudi kutoka chini ya maji. Wakatayarisha karamu, wakajipamba, wakapiga ngoma, wakatoka na mitumbwi kumpokea. Wakapokelewa na risasi.

Mitumbwi ile ile, ngoma zile zile! Mmoja alisikia vita, mwingine alikuwa anapiga ngoma za furaha. Kama tungekuwa na kitabu cha Stanley peke yake, mpaka leo tungesema wazee wa Basoko walikuwa wakali bila sababu. Lakini tusikimbie tena upande wa pili macho yamefungwa. Maneno ya Mojimba yalisemwa nyuma ya miaka mingi, yakapita katika mkono wa padri na katika lugha ya Ulaya. Na ni mkuu gani atasema watu wake walianza? Hata hivyo tunafurahi kwamba mtu mmoja alikaa na mzee akaandika. Luka mwenyewe, mwanzo wa Injili yake, anasema alichunguza yote kwa bidii, kufuatana na wale walioona kwa macho.

Wengine wanadai historia yetu iliandikwa kwa lugha za wazungu tu. Hapana. Tippu Tip, yule Hamed bin Muhammed ambaye Léopold II alimfanya liwali hapa Stanley Falls mwaka 1887, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode, Mdachi, akayachapisha miaka ya 1902 na 1903. Someni, lakini someni na mashaka. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na sauti ya mtumwa hatuisikii pale. Ziko tena barua za Kiswahili cha Kongo za wakati ule, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Ubelgiji. Profesa Xavier Luffin wa Bruxelles aliandika juu yake mwaka 2007. Barua za wenye bunduki zinalala salama ng'ambo ya bahari, na majina ya babu zetu yanapakwa mafuta ya karanga.

Kwa nini tunasema kwa uchungu? Mwaka 2023 Wambole na Walengola walipigana Lubunga juu ya ardhi. Watu walikufa, nyumba ziliungua, familia zilivuka mto na kulala nje. Tulisikia kila mtu akisema: wazee wetu walituambia. Sasa tazameni zile kurasa sita. Vijiji vya Lokele, vya Topoke, vya Mbole, vya Bakumu, vyote ukurasa mmoja, watu walibatizwa siku moja ndani ya maji mamoja. Hatusemi karatasi itazima vita. Mjanja anaweza kuigeuza kuwa panga, akatafuta ndani yake nani alikuja nyuma. Lakini mtu asiyekuwa na kitu cha kusoma atamwamini yeyote anayepiga kelele zaidi.

Tumekwisha kuongea na mchungaji wa karibu. Ana sanduku la bati, mchwa wameanza upande mmoja, na amekubali tuyanakili yote kabla ya sisi wa mwaka wa sita kwenda kufanya Exetat. Tunaandika sawa ilivyo, hata makosa, hata jina ambalo hatulipendi. Mahali wino umekufa tunaacha nafasi, hatubuni. Na wakati wa likizo kila mmoja amwulize mzee mmoja wa kwao, aandike pia tarehe na jina la yule aliyesimulia.

Tunaanza Jumamosi hii baada ya koro, saa nane. Leteni kaye na bik. Mikono iwe safi, na karanga zibaki nyumbani.