Aliyepona Arudishiwe Nafasi Yake



Kwa miaka mingi mgonjwa wa homa ya ini aina ya C hakuwa na faraja kubwa zaidi ya kuambiwa avumilie. Dawa zilizokuwapo zilikuwa za sindano, matibabu yake yaliweza kuchukua mwaka mzima, zilimdhoofisha sana mgonjwa, na karibu nusu ya waliozitumia hawakupona. Leo mambo yamegeuka. Kirusi cha ugonjwa huu kilitambuliwa mwaka 1989, na wataalamu watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2013 zilianza kupatikana dawa za vidonge, na leo vidonge hivyo, vikimezwa kila siku kwa muda wa wiki 8 hadi 12, huwaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Hatuzungumzii kutuliza maumivu wala kurefusha siku chache, bali kirusi kutoweka kabisa mwilini.

Tunaishukuru neema hiyo. Hata hivyo, kazi ya Tume ya Haki na Amani si kutangaza dawa, bali kuuliza kama mtu anatendewa kwa heshima inayompasa. Katika jambo hili tunaliona pengo. Wengi wameshughulikia swali la jinsi ya kumponya mgonjwa, na wachache mno wameshughulikia swali la jinsi ya kumpokea aliyepona. Msimamo wetu ni huu: haki ya mgonjwa haikomi siku anapomeza kidonge cha mwisho. Jamii inayoendelea kumhesabu kuwa mgonjwa mtu ambaye kirusi kimekwisha kumtoka, imemnyang'anya kile alichopewa na tabibu.

Tujifunze kwa Misri

Ni mataifa machache yaliyouonja ugonjwa huu kwa uchungu kama Misri. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya nchi hiyo iliendesha kampeni kubwa ya kuwatibu wakulima wa bonde la Mto Nile waliougua kichocho. Dawa ya wakati huo ilitokana na madini ya antimoni, nayo ilidungwa mshipani mara nyingi kwa kila mgonjwa. Sindano zilikuwa za kioo, zilitumiwa tena na tena kutoka mtu hadi mtu, na mara nyingi hazikuchemshwa ipasavyo. Nia ilikuwa njema, maana kichocho kilikuwa kinaua. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba sindano zile zile za kuponya ndizo zilizochangia sana kueneza homa ya ini vijijini. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulikuta kwamba karibu watu 15 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 59, walikuwa na dalili damuni za kuwahi kuambukizwa, na karibu 10 kati yao walikuwa bado na kirusi chenyewe.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu maalum. Ikisikika kwamba fulani aliugua homa ya ini, swali la kwanza midomoni mwa watu huwa: aliipata wapi? Swali hilo limejaa tuhuma. Basi tumtazame mkulima wa Nile. Aliipata kwa kuitikia wito wa serikali yake, akipanga foleni ili atibiwe. Wengine duniani waliipata kwa kuongezewa damu katika miaka ambayo damu haikuwa ikipimwa, wengine kwenye mashine za kusafishia figo, wengine walizaliwa na mama mwenye kirusi. Wapo pia walioipata kwa kutumia sindano moja katika dawa za kulevya. Hao nao ni watoto wetu, nao wana haki ya kupona na ya kupokelewa. Swali la chanzo lina mahali pake: ni swali la tabibu, analouliza kwa siri ili awakinge wengine. Katika kikao cha jumuiya, kisimani au barazani, swali hilo halina kazi ila kuumiza.

Misri inatufundisha jambo la pili. Dawa ya sofosbuvir ilipoanza kuuzwa nchini Marekani, dozi ya wiki 12 ilikuwa na bei ya dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Mwaka 2014 Misri ilipatana na mtengenezaji ipate dozi hiyo kwa dola 900. Baadaye viwanda vya Misri vyenyewe viliitengeneza, na gharama ikashuka chini ya dola 100. Kati ya mwaka 2018 na 2019 watu wazima wapatao milioni 50 walipimwa, na waliokutwa na kirusi walitibiwa bila malipo. Mwezi Oktoba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu. Jirani zetu wa Rwanda nao walitangaza mpango wao wa kuutokomeza mwezi Desemba mwaka 2018. Ni dhahiri, basi, kwamba maskini anaweza kuponywa pale serikali inapoamua. Lakini bado kazi ni kubwa: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 50 walikuwa wakiishi na kirusi hiki mwaka 2022, na watu 242,000 walikufa kwacho mwaka huo.

Alama inayobaki damuni

Hapa ndipo lilipo kiini cha maoni yetu, nasi tunaomba msomaji atufuate kwa makini.

Mwili unaposhambuliwa na kirusi hutengeneza kingamwili, mithili ya askari wanaoitwa vitani. Kirusi kikiisha, kingamwili hizo hazitawanyiki upesi. Hukaa damuni miaka mingi, na mara nyingi maisha yote. Kipimo cha kwanza, kile cha haraka kinachotumika mahali pengi, kinawatafuta askari hao, hakimtafuti adui. Kwa hiyo mtu aliyepona kabisa akipimwa kwa kipimo hicho, jibu huonyesha kana kwamba bado anaumwa. Hali ni hiyo hiyo kwa watu takriban 30 katika kila 100 ambao, wakiambukizwa, mwili wao hukishinda kirusi wenyewe bila dawa yoyote. Ili kujua ukweli ni lazima kifanyike kipimo cha pili, kinachokitafuta kirusi chenyewe. Kisipoonekana wiki 12 baada ya dawa kumalizika, tabibu husema: umepona.

Tazama sasa dhuluma inavyoweza kujificha ndani ya karatasi. Nchi za Ghuba zimekuwa zikidai kwamba mfanyakazi mgeni apimwe homa ya ini kabla ya kupewa kibali, nayo aina ya C imo katika orodha. Vijana wa Misri hutafuta kazi huko, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania kadhalika. Mahali popote ambapo uamuzi unatolewa kwa kipimo cha kingamwili peke yake, mtu mzima wa afya hukataliwa kwa ugonjwa asio nao, na hatapona kamwe machoni pa karatasi hiyo hata angeishi miaka mia. Yanayowezekana katika ofisi za mbali yanawezekana pia kwetu, katika ajira na katika uchumba. Binti aliyepona na anayetaka kufunga ndoa akileta jibu la kipimo cha haraka, ukoo wa mchumba unaweza kuvunja posa kwa sababu ya kitu ambacho hakipo.

Wapo pia wanaochanganya aina za ugonjwa huu. Aina ya B ina chanjo, lakini dawa zake kwa kawaida hukituliza tu kirusi. Aina ya C haina chanjo, lakini inaponyeka. Anayesema kwa jumla kwamba "homa ya ini haiponi" anamhukumu aliyepona kwa kosa la kutojua herufi moja.

Tahadhari si ubaguzi

Watakuwapo watakaotujibu: je, si afadhali kujihadhari? Hoja hiyo haistahili kudharauliwa, kwa kuwa tahadhari ni sehemu ya busara. Lakini tahadhari ya haki ina sababu inayoweza kuelezwa, na ina mpaka. Ubaguzi hauna vyote viwili.

Mfano wa tahadhari ya haki ni huu. Aliyepona homa ya ini aina ya C kwa kawaida hapokelewi kuwa mchangiaji damu, kwa kuwa kingamwili zake zitaonekana katika upimaji nao wasimamizi wa damu hawakubali wasiwasi hata mdogo kwa ajili ya mpokeaji. Sababu inaeleweka, na mpaka unajulikana: ni damu ya kuongezea wagonjwa tu. Basi muumini aliyerudishwa siku ya kuchangia damu asionekane kuwa amefichuliwa.

Sasa tuupime ubaguzi kwa kipimo hicho hicho. Kirusi hiki husafiri kwa damu. Hakiambukizwi kwa chakula, kwa kikombe, kwa kupeana mkono wa amani, kwa kukumbatiana wala kwa kukaa benchi moja. Kama mgonjwa mwenye kirusi hatuambukizi kwa njia hizo, aliyepona atatuambukiza nini? Kumtengea sahani yake, kumwondoa katika zamu ya kupika sherehe ya somo wa jumuiya, kumkwepa katika uongozi: hayo hayana sababu wala mpaka.

Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Walawi sura ya 14, ilimwekea utaratibu mtu aliyetakaswa ugonjwa wa ngozi. Hakuachwa nje ya kambi akingoja watu wasahau. Kuhani ndiye aliyetoka nje kumfuata, akamchunguza, na siku ya nane ibada ilikamilika hadharani. Tena sheria ile ilitambua kwamba yupo maskini asiyeweza sadaka kamili, ikampangia sadaka ndogo kulingana na uwezo wake. Waisraeli wale walielewa kwamba mwili ukishapona bado inabaki kazi ya kumrudisha mtu kwa watu wake, na kwamba ufukara usiwe ukuta wa kumzuia.

Deni letu

Kutokana na hayo tunaona kwamba yapo mambo yanayotupasa.

Kwanza, kila aliyepona apewe na kituo kilichomtibu cheti kinachoeleza kwa lugha wazi kwamba kipimo cha kirusi hakikuonyesha kirusi, na kwamba kingamwili zitaendelea kuonekana. Anayeongoza jumuiya awahimize waliopona kukidai cheti hicho na kukitunza. Mwajiri yeyote, pamoja na taasisi zetu wenyewe, asimkatae mtu kwa kipimo cha kwanza pekee.

Pili, tusiwadanganye waliopona kwamba safari imekwisha kwa wote. Yule ambaye ini lake lilikuwa limekwisha kujaa makovu kabla ya dawa anabaki na hatari ya saratani ya ini, ingawa hatari hiyo hupungua. Anatakiwa kupimwa kwa altrasaundi kila baada ya miezi 6, na ajiepushe kabisa na pombe. Hapa haki inauliza swali gumu: mama wa kijijini aliyepewa vidonge bure, nani atamlipia nauli na kipimo mara mbili kila mwaka? Mpango wa taifa unaohesabu waliotibiwa na kuishia hapo umefanya nusu ya kazi. Mifuko ya huruma ya jumuiya inaweza kusaidia nauli, lakini isitumike kuiondolea serikali wajibu wake.

Tatu, aliyepona naye ana wajibu. Kupona hakumpi kinga. Akikutana tena na damu yenye kirusi anaweza kuambukizwa upya. Asitumie wembe au sindano ya mwingine, na asidharau dalili. Wengine huendelea kujisikia wachovu kwa muda baada ya kupona. Hao wasiitwe wavivu, na wasione aibu kurudi kwa tabibu.

Nne, tuzitawale ndimi zetu. Viongozi wa jumuiya hupewa siri nyingi, na siri ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa mwenyewe. Kusema "yule alikuwa na homa ya ini" ni kumrudisha nje ya kambi mtu aliyekwisha kuingia.

Tunawaomba, wapendwa, mwezi huu jumuiya zenu zijadili jambo moja tu kwa utulivu: kama kati yetu yupo aliyepona ugonjwa wowote wa kuogopwa, je, amerudishiwa kazi yake, kiti chake na heshima yake? Kama bado, msisubiri waraka kutoka juu. Mwenyekiti na wajumbe wawili waende kwake nyumbani wiki hii, wamwulize ni nafasi ipi aliyoipoteza, nao wakubaliane naye siku ya kumrudishia.