Karadio ka buto tusikadharau



Likizo iliyopita nilikuwa na feza za kununua chombo cha muziki. Nilizipata kwa kusaidia mjomba kushusha makala kandoni mwa mto, pale mitumbwi inapofika toka Lubunga. Nikaenda soko kuu. Muuzaji akaniuliza: "Leki, unataka ya leo ao ya bazee?" Akaweka mezani vyombo viwili. Kimoja chembamba, kioo mbele yote, unakigusa tu kwa kidole. Cha pili karadio kanene kidogo, buto saba za kufinya, na tundu la karti ya memwari. Bei karibu moja. Mnajua nilichukua kipi? Kile cha kioo! Nilikiona sawa telefone ya watu wakubwa.

Kiliishi wiki sita. Batri yake imefungiwa ndani kwa gundi, na ilipochoka fundi akaniambia: "Hii, ukifungua ni kuvunja, leki." Kiko ndani ya sanduku yangu hata leo. Ndiyo sababu ninaandika.

Watu wanasema buto ni mambo ya zamani. Ni kweli. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 1/7/1979, ilikuwa na buto, mawe mawili madogo, na matundu mawili ya ekuteri ili watu wawili wasikilize pamoja. (Hilo la mwisho lingetufaa sana sisi wa internat, maana ekuteri moja tunaigombania watu watano.) Lakini tazama, hata iPod ya kwanza ya mwaka 2001, ile iliyosifiwa dunia nzima, ilikuwa na gurudumu la kuzungusha kwa kidole gumba, na buto kando yake. Na ile iPod ya mwisho, ya kioo, Apple walitangaza mwaka 2022 ya kuwa wanaiacha.

Tena sisi hapa Kisangani tuko na sababu zetu. Umeme wa mto Tshopo mnaujua wenyewe: unakuja, unaenda, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Usiku ukikatika, kidole kinajua njia kwenye buto. Kioo ni lazima kiwake kwanza, na kule kuwaka ndiko kunakula batri. Halafu mvua, mvua ya kwetu haina mwezi wake. Kidole kikiwa na maji, kioo hakisikii, ao kinasikia neno lingine na kuruka nyimbo tatu. Wale wa toleka waliweza kufunga redio kwenye baiskeli na kupandisha sauti bila kuondoa macho barabarani. Jaribu hivyo na kioo!

Lakini sababu kubwa kwangu ni kwaya. Wimbo mpya tunarudilia mstari mmoja mara kumi, mara ishirini, mpaka tenor wauzoee. Na buto ya kurudisha, unafinya, unashika, unaachilia, uko pale pale. Na telefone ya kioo kidole kinateleza, mara tuko mwanzo wa wimbo, mara tuko katika ndombolo ya mwenye telefone. Siku ile waalimu walicheka, lakini si wote.

Basi ukienda sokoni, funga macho na finya kila buto. Kama kidole hakitambui ile ya kusimamisha na ile ya kupandisha sauti, rudisha mezani. Uliza kama batri inatoka. Nzuri ni ile ya BL-5C, ya telefone ndogo za Nokia, maana ikichoka unapata ingine bila kumtafuta fundi. Kisha zima, washa tena: kanakumbuka pale wimbo ulipoishia? Vyombo vya bei ndogo vingi vinasahau, na kwa mtu anayesikiliza Biblia ao somo refu hayo ni mateso kweli. Wala usidanganyike na karti iliyoandikwa GB 64. GB 4 za kweli zinaingiza nyimbo kama 1000, kwa sababu wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kawaida unakula MB nne hivi. Karti za uongo zinapokea yote, halafu nusu haiimbi. Sikiliza zile za mwisho mbele ya muuzaji. Na FM iwemo. Kusikiliza habari za Radio Okapi kwa FM hakuli megabaiti ya mtu.

Sasa neno kwa wakubwa wetu. Internat inakataza telefone na mimi sipingi. Tunajua usiku telefone inapeleka mtu wapi. Lakini karadio ka buto kamewekwa katika fungu lilelile, na mwezi uliopita wenzetu wawili walinyang'anywa. Karadio haka hakana SIM, hakana kamera, hakaingii intaneti. Najua direkta wa nidhamu atauliza: na kama mtu akitia masomo ndani yake, akaficha ekuteri chini ya kitambaa siku ya mtihani? Ni ulizo la haki. Nilijiuliza mimi mwenyewe. Basi siku za mitihani vyote vibaki ofisini, na siku zingine vikae kwa kapita wa kwaya, vitoke saa ya mazoezi tu na kurudi.

Hatuombi kila mtu awe na chake. Tuko na sauti nne, tunaomba vinne. Feza tumechanga, tumefika nusu. Wimbo wa Pasaka tumeanza kuujifunza. Soprano na alto wanaujua, tenor na bass bado.