Kisu cha Mjomba na Mhunzi wa Ujiji

Na Asha Ntahondi

Mjomba wangu alirudi Kigoma kutoka chuo cha Mbegani, Bagamoyo, miaka ya 1980, akiwa na cheti cha uvuvi, begi la nguo na kisu. Chuo kile kilijengwa kwa msaada wa Norway, na mmoja wa walimu wake wa Kinorway alimwachia kisu hicho wakati wa kuagana. Ni kisu cha kuwindia. Bamba lake ni fupi, mgongo mnene, mpini wa mti mweupe wenye mawimbi ya kahawia ndani yake, kama ziwa upepo unapotulia jioni. Kwenye bapa, karibu na mpini, pameandikwa neno moja: Helle.

Mjomba hakuwahi kuwinda mnyama wa porini maishani mwake. Mawindo yetu sisi yako majini. Kisu kile kilipasua migebuka, kuhe na sangala kwa zaidi ya miaka 30, kikakata kamba za nyavu, na Idd ikifika kikachinja. Kwa kuchinja mjomba alikuwa mkali hasa. Alitukumbusha kwamba Mtume alituamuru tunoe kisu ili mnyama asiteseke, na hakuruhusu mtu anoe mbele ya mbuzi. Kila Ijumaa asubuhi alikaa kibarazani na jiwe lake, akanoa taratibu, akafuta, kisha akapaka mawese kwa ncha ya kidole. Mjomba ametangulia mbele ya haki. Kisu ninacho mimi, na hadi leo kinanyoa malaika ya mkononi.

Mji huu unajua kwamba chuma kikitunzwa kinadumu. Wajerumani walipoizamisha meli yao mwaka 1916, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mawese ya mjomba yalikuwa grisi ya namna ileile. Lakini utunzaji peke yake hautoshi. Nimewahi kupaka mawese visu vingine, na havikufika hata mwaka.

Kampuni ya Helle ilianzishwa mwaka 1932 na ndugu wawili, Steinar na Sigmund Helle, katika kijiji cha Holmedal, magharibi mwa Norway. Watu wa kule ni wavuvi na wawindaji, wanaishi kando ya maji yenye milima pande zote, kama sisi. Ukikitazama kisu cha mjomba kwa makini kwenye mwanga, utaona mstari mwembamba unaopita juu ya makali, unapanda na kushuka kidogo kama alama ya maji kwenye mchanga. Hapo ndipo ilipo siri yake. Chuma cha pua kigumu sana hushika makali, lakini kikibanwa kwenye mfupa hukatika kama kigae. Chuma laini hakikatiki, ila makali yake hukunjika kabla hujafika samaki wa tatu. Basi wao wamelaza bamba gumu katikati ya mabamba mawili laini, wakayaunganisha yakawa kitu kimoja. Ubavu laini unabeba vishindo, moyo mgumu unakata. Ukinoa, jiwe linakula ubavu na kuuacha moyo uchomoze.

Sasa njoo mwaloni Kibirizi, hapahapa Kigoma, asubuhi, mitumbwi ikirudi na taa zimezimwa. Dagaa hawahitaji kisu, jua na mchanga vinawatosha. Mgebuka anahitaji. Wiki iliyopita nilikaa na mama mmoja anayepasua migebuka ya kukausha. Anamshika samaki kichwa, anapitisha kisu hadi mkiani, anamfungua kama kitabu, matumbo yanatoka kwa kidole gumba, chumvi inaingia, samaki anakwenda kichanjani. Kwa kisu kizuri ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kisu chake kilikuwa kile cha bati jembamba na mpini wa plastiki wa bluu, na kila akifika kwenye uti wa mgongo bamba lilijipinda kama jani la mgomba. Akasimama, akakinoa kwenye saruji ya ngazi, akaendelea samaki wawili, akasimama tena. Aliniambia hicho ni cha nne tangu mwaka uanze. Akanionyesha kovu la kiganjani. Kisu butu huhitaji nguvu, na nguvu kwenye mpini wenye utelezi wa samaki huishia mkononi.

Tunaviita visu hivi vya bei rahisi. Mimi nakataa. Mama yule ameshanunua kisu kilekile mara nne mwaka huu, analipa pia kwa muda wake, na siku ya kovu lile alilipa kwa wiki mbili za kukaa nyumbani. Kisu kisichokubali kunolewa ni ghali hata ukipewa bure.

Kuna watakaoniambia kwamba kisu cha Norway ni ndoto kwa mtu wa mwaloni. Ni kweli, na simshauri mtu aagize. Ninachosema ni kwamba maarifa yaliyomo ndani yake hayakuwahi kuwa mageni kwenye ziwa hili. Fuata ziwa uelekee kusini, upite Kipili hadi Kasanga. Juu ya uwanda wa Ufipa yapo malungu ambayo bado yamesimama, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilirudiwa katika tanuri dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe, shoka au kisu. Kazi ile ilizimika katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipojaa. Matanuri yalizimika, lakini wahunzi hawakuisha.

Nilithibitisha hilo mwaka jana, mpini wa kisu cha mjomba ulipopasuka. Nikakipeleka Ujiji kwa mzee mmoja mwenye banda la mabati chini ya mwembe. Nilimwamkia, akaitikia, akakichukua kisu bila kuuliza kitu. Alikipeleka kwenye mwanga, akaupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ule mstari, akanyamaza kidogo.

“Huyu aliyetengeneza hiki,” akasema, “anajua.”

Kisha akaniambia nikae nione. Alikuwa na kisu chake motoni, alichokikata kutoka kwenye springi ya lori bovu. Springi ina kaboni kiasi cha sehemu 6 katika 1,000, inatosha kushika makali ikipata mtu wa kuisomesha. Kilipokuwa chekundu kama embe lililoiva, alikitoa kwa koleo akachovya makali tu kwenye oili chafu, mgongo ukabaki juu na moto wake. Akahesabu kimoyomoyo. Akakitoa, akausugua ubavu kwa kipande cha tofali hadi ukang'aa, akaniambia, “Tazama rangi, mwanangu, inatembea.” Ilikuwa inatembea kweli. Moto uliobaki mgongoni ulikuwa unashuka kuelekea makali, ukisukuma mbele yake mistari ya rangi: njano ya samli mbele, nyuma yake kahawia, nyuma zaidi zambarau na bluu. Njano ilipogusa ukingo wa makali, akakizamisha chote. Moshi ukapanda, na kazi ikawa imekwisha.

Makali magumu, mgongo mvumilivu. Wanorway wanafika hapo kwa matabaka matatu, mzee anafika kwa jicho lake na chuma chakavu cha lori. Nilikijaribu kisu kile kwenye uti wa mgongo wa sangala. Kilipita.

Nilimuuliza kwa nini haweki alama yake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo jipya. “Nani ataisoma?” akasema. Anauza kisu elfu nane, wateja wanamshusha hadi elfu tano, wanamwambia sokoni vipo vya elfu mbili. Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya kweli kati ya Holmedal na Ujiji. Kule, kisu kikikatika, mnunuzi anajua jina la kulaumu, na kikidumu anajua jina la kurudia. Jina likishakaa kwenye chuma, bei inapata mahali pa kusimama. Hapa kwetu kisu cha mzee kinawekwa fungu moja na cha bati, na mnunuzi hana namna ya kuvitofautisha mpaka afike kwenye mfupa.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaomba kwa moyo wote. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wanaofua chuma kipate fungu lake, kinunue fuawe ya kweli na mihuri ya kugongea majina. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ambao leo unaiongoza Mbegani ya mjomba, una kampasi hapahapa Kibirizi. Wanafunzi wa uchakataji wa samaki wapewe visu vya Ujiji, wavitumie, warudi kuwaambia wahunzi kasoro ziko wapi. Na sisi wanunuzi tuache kumshusha mzee bei huku tukitoa elfu mbili mara nne.

Mpini mpya wa kisu cha mjomba ni wa mninga. Mzee aliuchoma msuka ukaingia wenyewe ndani ya mti, umekaa kama umezaliwa humo. Nilipokwenda kukichukua, niliagiza na chake kimoja kwa ajili ya yule mama wa Kibirizi, nikaweka elfu nane juu ya fuawe. Hakuzigusa kwanza.

“Anapasulia mkono gani?” akauliza.

Sikuwa nimeangalia. Nikampigia simu.